Bomba Lililouma Siku za Ijumaa

Ijumaa. Mawingu yametanda juu ya Tabora tangu asubuhi lakini mvua imegoma, na joto limenikalisha barazani na kanga moja tu mabegani. Mwili mzito, moyo mwepesi. Nimeshika simu, nachapa kwa kidole kimoja, maana nisipoyaandika haya leo yatanisumbua.

Shajara yangu, leo nimegombana na fundi bomba.

Si ugomvi wa matusi. Alikuja kung'oa mabomba yangu ya chuma yaliyooza kwa kutu aweke ya plastiki. Kabla hajakata hata moja nikamwambia asimame kwanza, anieleze waya wa ethi wa nyumba hii, ule unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, utashikia wapi bomba likishakuwa la plastiki. Akacheka. "Bibi, na umeme nao umesomea?" Nikamjibu sijausomea, nimeng'atwa nao. Alidhani namtania. Nimemwambia arudi na fundi umeme, la sivyo asiguse kitu, naye kaondoka amenuna kidogo. Tangu hapo mchana kutwa nimekuwa nikimfikiria mama mkwe wangu, Bi Tausi, Mungu amrehemu.

Sijawahi kumwandika humu. Nimeandika habari za wanangu, za magoti yangu, hadi za paka wa jirani, na yeye nimempita kila mara. Labda kwa sababu mtu ninayemstahi sana huniogopesha kumweka kwenye maneno.

Niliolewa miaka ile ya Ujamaa, wakati sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kubahatisha. Kwetu ni Puge, na baba yangu mkulima alikuwa ndiyo kwanza amehamia kijiji kipya, nyumba yenyewe haijakauka udongo. Mume wangu Hamisi alikuwa mtu wa reli, leo yuko njia ya Kigoma, kesho ya Mwanza. Aliniacha kwa mama yake hapa mjini, katika nyumba ya zamani yenye ua mkubwa wa saruji, na bomba la maji katikati ya ua. Kwetu tulichota kisimani. Kuona maji yanatoka kwa kuzungusha koki kulinifurahisha kama mtoto, na nilikuwa naifungua na kuifunga bila sababu mpaka wifi yangu Mwanaidi akanikemea kwamba namaliza maji ya serikali.

Bi Tausi alikuwa anauza asali. Warina asali walimletea kutoka porini kwa madebe, naye alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wengi. Hakununua debe kwa kuambiwa. Anachukua kijiti kirefu, anakizamisha mpaka chini kabisa, anakitoa, analamba. Awe ni mtu aliyemfahamu tangu ujana wao, awe ametoka kuhiji, kijiti kitazama. "Asali haina shahidi ila ulimi," ndivyo alivyosema, na mwenye kukasirika akasirike.

Nilimwogopa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ikikuita unaanza kutafuta ulichokosa kabla hujafika.

Sasa lile bomba. Wiki za kwanza halikuwa na neno. Kisha Ijumaa moja asubuhi nimekwenda kuchukua udhu, nimegusa koki, mkono ukanikamata. Ulikuwa mtetemo unaopanda mpaka kiwikoni, kama mtu kanishika kwa ndani ya mfupa. Nikaruka. Nikatazama huku na huku, hakuna aliyeniona. Nikajaribu tena, likaniuma tena. Kesho yake Jumamosi nikalishika kwa hofu, na hakuna kitu. Jumapili hakuna kitu. Wiki nzima bomba limetulia, na Ijumaa nyingine likaniuma.

Nilinyamaza. Mkamwana mgeni anaanzaje kumwambia mkwewe kwamba bomba lake lina meno?

Kila Ijumaa nikawa natafuta visingizio. Nachota maji ya mtungini, au namwomba Mwanaidi anifungulie koki, au nasema tumbo linauma. Wenzangu wote walifungua lile bomba, wakatawadha, wakaenda zao. Mimi tu. Na watu wana macho. Mwanaidi ndiye aliyeanza kusema kwa sauti: wifi yake kila Ijumaa anayakimbia maji ya udhu, siku nyingine hana tatizo. Huyo si mzima, huyo ana pepo asiyetaka ibada.

Sitamlaumu Mwanaidi. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nami mwenyewe, na hili nalisema wazi, nilifika mahali nikaamini. Usiku nilikuwa nalia nikijiuliza lini pepo aliniingia na nani kanitupia.

Wakaniletea shehe akanisomea. Nikanywa kombe, maandishi matakatifu yaliyooshwa kwa maji ya waridi, kikombe baada ya kikombe. Ijumaa iliyofuata nikaenda bombani kwa imani yangu yote, nikasema bismillahi, nikashika koki. Nilipiga ukelele ambao hata majirani waliusikia.

Baada ya hapo shauri likawa moja. Shangazi zake Hamisi wakaja Ijumaa nyingine asubuhi, wakakaa ukumbini na Mwanaidi. Nirudishwe Puge kwa basi la kesho yake, wazazi wangu wanishughulikie, nikipona nitarudi. Hakuna aliyetamka talaka, lakini nilijua maana ya mwali kurudishwa kwao na sanduku lake wakati mume yuko safarini. Nilijua uso atakaokuwa nao baba mbele ya watu wa kijiji kipya ambao bado hawajamzoea. Nilikuwa nimempenda Hamisi, shajara, nilimpenda sana, na nilikuwa napakia nguo zangu bila ya yeye kujua.

Bi Tausi alikaa na shangazi wale asubuhi nzima akiwasikiliza. Mwishowe akainuka na kunijia uani.

"Mkamwana, linakuuma saa hizi?"

"Sijui, mama. Ijumaa kama leo ndiyo huuma."

"Mmesikia wenyewe!" Mwanaidi akadakia kutoka mlangoni, kanzu mkononi. "Ijumaa tu!"

"Mwanaidi, sikukuuliza wewe." Akanigeukia. "Nionyeshe unavyosimama."

Nikaenda bombani, nikasimama kwenye saruji iliyolowa, nikanyoosha mkono bila kugusa. Yeye hakuutazama mkono wangu. Alitazama miguu yangu. Nilikuwa peku.

Hapa inanibidi nieleze. Nyumba ile kila mtu alikuwa na mitalawanda yake, vile viatu vya mti vinavyovaliwa uani na msalani. Yao ilichongwa kwa mninga, mirefu ya kisigino, ukitembea inagonga ko, ko, ko. Hata mimi nilipewa yangu siku nilipofika, mizuri, na nikaificha chini ya kitanda. Nyanya yangu kule Puge alinifunza kwamba mkamwana hatembei akigonga viatu mbele ya mkwewe, akasikika kama bwana mkubwa. Nami niliitii ile adabu. Kwa hiyo ua mzima walikuwa juu ya mti mkavu, na mimi peke yangu nimekanyaga saruji yenye maji.

Hakuna aliyewahi kuliona hilo kwa sababu adabu njema haimshangazi mtu.

Bi Tausi akavua mitalawanda yake. Mguu mmoja, kisha wa pili. Akaiweka pembeni kwa utaratibu, miguu yake mikavu ya kizee ikatua majini. Mwanaidi akapiga kelele, "Mama! Atakuingia na wewe!" Mama mkwe hata hakugeuka. Akanyoosha mkono akashika koki.

Nilimwona akirushwa. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akarudi nyuma hatua mbili na kukaa kitako kwenye maji, kanga imelowa, kilemba kimemtoka. Shangazi mmoja alikuwa ameshaanza kusoma dua.

Bi Tausi akautazama mkono wake, akaufungua na kuufunga. Kisha akawatazama wale wa ukumbini.

"Haya. Pepo katuingia wawili. Mtatupeleka Puge sote?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake mjini, na hakuwa ananijua wala kunipenda sana wakati huo. Hakuwa na sababu yoyote ya kuutia mwili wake kwenye jambo langu isipokuwa ile tabia yake ya kutonunua debe kwa kuambiwa.

Akasema amewahi kuguswa vile vile siku alipobadilisha globu kwa mkono wenye maji. "Huu ni umeme. Zimeni kila kitu, mkamwite Fundi Rajabu."

Fundi Rajabu ndiye aliyeitandikia nyaya nyumba ile miaka ya nyuma, mtu mnene, mwenye madaha, suruali imepigwa pasi hata akiwa kazini. Alifika baada ya sala. Akawasha umeme, akagusa bomba kwa testa yake, ile bisibisi yenye kitaa ndani, na taa haikuwaka. Akagusa tena. Akatutazama kwa namna ya mtu aliyeitwa na wanawake kwa jambo la kike.

"Bi Tausi, bomba hili halina umeme."

"Lilikuwa nao asubuhi. Jiulizeni basi," mama mkwe akasema, akitutazama sote, "kitu gani tunakifanya Ijumaa asubuhi ambacho siku nyingine hatukifanyi?"

Kisha Mwanaidi, kwa sauti ndogo, akasema: "Kanzu."

Tulikuwa na pasi ya umeme, Hamisi aliileta kutoka Dar es Salaam, na mtaani kwetu wengine walikuwa bado na pasi za mkaa. Kila Ijumaa asubuhi majirani walituletea kanzu zao, na Mwanaidi alikuwa anazinyoosha moja baada ya nyingine kwa ajili ya sala. Akaileta. Fundi akaichomeka, akaenda bombani, akagusa kwa testa.

Ikawaka nyekundu.

Nawaza sasa uso wa Fundi Rajabu. Mtu mwingine angelaumu pasi na kwenda zake. Yeye aliichomoa, akaifungua, akatuonyesha waya wa ndani ulivyochubuka ukagusa mwili wa chuma, kisha akasema kosa la pasi ni dogo, kosa kubwa liko mahali pengine. Waya wa ethi aliufunga kwenye bomba la maji yeye mwenyewe, maana bomba lilikuwa la chuma na limezikwa ardhini mpaka barabarani. Pasi ikivuja, umeme ulipaswa kushuka na bomba, kuzama ardhini na kuishia huko bila kumgusa mtu. Kwa nini haukuzama?

Akaanza kulifuata bomba, suruali yake ya pasi na yote, akifukua kwa jembe la Mwanaidi. Karibu na ukuta wa nje akakuta jibu. Kabla tu sijaolewa bomba lilipasuka, na madukani bomba la chuma halikuwapo, kama vile ambavyo vitu vingi havikuwapo. Mashemeji zangu wakaunga kipande cha plastiki, maji yakatoka, watu wakashukuru. Hakuna aliyefikiria kumwambia fundi umeme, maana maji na umeme wapi na wapi.

"Mmeukata mguu wa umeme," Fundi Rajabu akasema. "Bomba lenu sasa linaelea. Umeme wa pasi unaingia kwenye bomba, hauna pa kwenda, unakaa pale unamngoja mtu mwenye miguu iliyolowa." Akanigeukia mimi. "Bibi harusi, wewe ndiye ulikuwa ethi ya nyumba hii. Ungeshika kwa kiganja kizima, mkono ukajikunja pale pale usiachie, leo tungekuwa makaburini."

Nilikuwa natazama shangazi zake Hamisi, nao walikuwa wanatazama chini.

Ninachokistaajabia zaidi ni kazi iliyofuata. Fundi Rajabu alisema hataliamini bomba tena hata likirudishwa chuma, kwa sababu kesho atatokea mwingine na kipande chake cha plastiki. Atapigilia chuma ardhini, cha ethi peke yake. Akazunguka ua akikanyaga-kanyaga, akapita pote palipokuwa pakavu, akachagua pale maji ya udhu yanapotokea nje na kuzama chini ya mpapai. Ardhi ya Tabora kiangazi ni vumbi na haipokei umeme vizuri, akasema, lakini pale pana unyevu kutwa mara tano. Akalichukua lile bomba la chuma lililopasuka, akalisugua kutu, akalishindilia mpaka likabaki shingo tu.

Kisha akataka waya mnene wa shaba wa kuunganisha, na hapo ndipo tulipokwama. Mjini haukuwapo. Alikwenda duka la ushirika, akaenda kwa Wahindi, akarudi mikono mitupu. Wa kuagiza Dar es Salaam ungefika lini, Mungu ndiye ajuaye.

Bi Tausi akaingia chumbani kwake. Alitoka na furushi la kaniki, akalifungua uani. Yalikuwa masango, zile pete nzito za shaba walizovaa miguuni wanawake wa Kinyamwezi zamani, mzunguko juu ya mzunguko. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo toka hapa mpaka pwani na kurudi, na shaba ile ndiyo aliyomletea mkewe. Ilikuwa imekusudiwa kuwa ya Mwanaidi.

"Mama, masango ya bibi?" Mwanaidi akauliza, na machozi yalimlenga kweli.

"Bibi yangu alitembea nayo, akafa. Sasa nyumba iyavae, watu wasife."

Nilidhani Mwanaidi ataondoka kwa hasira. Alikaa chini, akaanza kuyanyoosha yeye mwenyewe juu ya jiwe, kwa nyundo, moja baada ya nyingine, na mimi nikamshikia ncha ya pili. Fundi Rajabu akayaunga kwa risasi ya kuchomelea, akafunga kutoka kwenye chuma kilichopigiliwa hadi bomba la uani, toka hapo hadi bomba la jikoni na la msalani. Vyuma vyote vya nyumba, alisema, vifungwe pamoja viwe kitu kimoja, kisiwepo kimoja chenye umeme na mwenzake hana, mtu akaja kuvishika viwili akawa yeye ndiye daraja. Nimesikia wasomi wengi wakieleza jambo hilo tangu wakati ule, kwa michoro na maneno mapana, na sijaelewa kuliko nilivyoelewa siku ile nikiwa na ncha ya shaba mkononi.

Alipomaliza akaichomeka pasi ile ile mbovu, makusudi. Akaweka testa bombani. Giza. Akatutazama, akangoja.

Bi Tausi hakungoja kuambiwa. Akavua mitalawanda, akasimama peku majini, akashika koki kwa mkono mzima. Kisha akaninyooshea mkono wa pili nami nikaenda. Tulilifungua bomba lile pamoja. Maji yalikuwa baridi, na yalikuwa maji tu.

Sanduku langu nililifungua jioni ile, nikarudisha nguo kabatini. Hamisi aliporudi safari mama yake alimwambia jambo moja: "Pasi yako ilitaka kuniulia mkamwana." Hapo ndipo nilipojua kwamba mimi ni mtu wa nyumba ile. Shangazi zake waliniomba radhi kwa kuleta kuku, na Mwanaidi akawa wifi yangu wa siri zote hadi leo, ingawa bado anadai nilimaliza maji ya serikali.

Niliishi na Bi Tausi miaka mingi. Hakuwa mtu wa maneno matamu, alinigombeza kwa chumvi na kwa ubishi, akanifundisha kijiti cha asali. Alipoanza kuugua alilazwa Kitete, akachoka na hospitali, akataka kurudi nyumbani kwake. Siku alipofariki nyumba ilijaa wanawake. Ndugu zake wa damu walikuwapo, na wazee wanaojua kuosha maiti walikuwapo, nami nikajisogeza nyuma kama ipasavyo.

Mwanaidi akanifuata jikoni. Macho yake yamevimba. Akaniambia mama aliacha wasia, aliusema mbele yake na mbele ya shangazi wawili: "Wa kunitia maji awe mkamwana wangu, mwingine asishike kata."

Nilikwenda bombani, nikafungua koki, nikajaza ndoo. Nikarudi kwake, nikamwosha.